Nusu Saa Bila Salamu

Nilimdanganya Mwalimu Namsifu saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, nikiwa na akili zangu timamu, na mashine niliyoifundisha mwenyewe ikampa yeye alama za juu kwa uongo wangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Mwalimu. Wewe umeamkaje?"

"Namshukuru Mungu. Nyumbani hawajambo? Baba hajambo?"

"Baba hajambo, Mwalimu."

"Msalimie sana."

"Salamu zitafika."

Nikakagua mshono uliopita katikati ya kifua chake. Ulikuwa mkavu na safi. Jana yake, kuanzia saa mbili asubuhi, Mkono ulikuwa umembadilishia vali ya moyo kwa muda wa saa tatu, nami ndiye niliyemlaza usingizi na kumwamsha. Mkono ni roboti yetu ya upasuaji, na haujawahi kutetemeka tangu uwekwe hapa Kituoni mwaka 2064. Juu ya kitanda, Msikilizaji, mashine ile niliyoifundisha, aliwaka kijani: tisini na sita kwa mia. Nikamwandikia uji mwepesi nikatoka. Nilikuwa nimefika mlango wa sita wa korido ndipo miguu ilipogoma.

Baba yangu amekufa. Ana miaka mitatu kaburini, na Mwalimu Namsifu ndiye aliyeongoza kwaya siku tulipomzika, kwenye mvua, akamtoa mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu mbele ya jeneza kwa sababu alikuwa anavuta noti. Mwanamke huyo alinifundisha kuimba tangu nina miaka tisa. Ameniuliza hali ya marehemu, na mimi, daktari mzima, nimejibu hajambo.

Kwa nini? Kwa sababu ndivyo tunavyojibu! Kwetu mtu hujibu "nzuri" kwanza, halafu ndipo aseme nyumba imeungua. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila tumefiwa." Nimeisikia sentensi hiyo maisha yangu yote bila kuiona. Mdomo unajibu wenyewe, kichwa kinafuata baadaye. Na siku hiyo, pale mlango wa sita, nilielewa kwamba kama mdomo wangu mimi mzima unaweza kujibu bila kichwa, basi na wake unaweza.

Nikahisi baridi, kisha hasira. Hasira hiyo haijaniacha hadi leo ninapoandika.

*

Ukimpasua mtu kifua, mwili wake haujui kwamba aliyeshika kisu ana shahada. Unajua umevamiwa. Chembe za kinga hupiga yowe kwenye damu, na yowe hilo ni jema, maana ndilo linaloita mafundi wa kuponya kidonda. Taabu huanza kwa wazee. Ukuta mwembamba unaotenga damu na ubongo hulegea, yowe likapenya hadi ndani. Huko ndani wamo walinzi wa ubongo wenyewe, ambao siku za kawaida kazi yao ni kufagia taka. Wakisikia yowe hugeuka kama sungusungu walioitiwa mwizi: mwizi hawamwoni, basi wanaanza kuwapiga wenye nyumba. Wanatafuna maungio ya chembe moja ya ubongo na nyingine. Vitabuni tunauita mchochota wa ubongo. Nyumbani mnaujua kwa jina lingine: "Bibi alikwenda kupasuliwa nyonga, tangu siku ile hakurudi alivyokuwa." Kila ukoo una bibi huyo, na kila ukoo husema ni uzee.

Dawa ipo. Inaitwa Tuliza, na huwalaza walinzi hao kabla hawajamaliza kazi yao ya uharibifu, ili mradi iingie mwilini ndani ya saa thelathini tangu kisu kiguse ngozi. Lakini Tuliza haichagui. Huwalaza walinzi wa ubongo na wale wa kidonda pamoja, kwa siku tano. Katika kila wagonjwa tisa wa kifua, mmoja kidonda chake hufumuka au huoza, na nusu ya hao hatuwarudishi nyumbani wakiwa hai. Kwa hiyo haitolewi ovyo. Imefungiwa kwenye kabati la ukutani, na kabati hufunguliwa na Msikilizaji akimpa mgonjwa alama chini ya sitini, au kwa saini ya mkuu wa Kituo.

Msikilizaji ni kisanduku kidogo kuliko kiberiti. Alipoletwa kutoka ng'ambo alikuwa na maswali yake: leo tarehe ngapi, hesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba-saba. Wazee wetu walichukia. Mzee mmoja alimwambia kwamba yeye si mtoto wa darasa la pili, akageukia ukutani. Wengi waliambiwa wana mchochota kabla hata ya kupasuliwa. Nikaona ni dharau, nikasema nitamfundisha mashine adabu. Nikamfundisha kusikiliza mazungumzo ya kawaida ya nusu saa iliyopita: mgonjwa anaitikia vipi shikamoo, anaulizia familia, anaaga namna gani. Kila kitu sawasawa, alama. Nilipewa ngao, nikapigwa picha. Wazee wakawa wanafaulu, sote tukafurahi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini wanafaulu wote.

*

Nilirudi chumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Elihaki, mwanawe, alikuwa amekaa kando ya kitanda na chupa ya uji. Ni mkulima wa tangawizi huko milimani, rika langu, tuliimba pamoja utotoni. Akacheka. "Daktari, leo una heshima ya ajabu. Si umetoka hapa sasa hivi?"

Nikatoka, nikahesabu hadi ishirini, nikaingia tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Baba hajambo?"

Elihaki hakucheka tena. Aliweka chupa chini. "Lakini anaongea vizuri," alisema, kama anayebishana na mtu. "Asubuhi amemsalimia hata anayepiga deki. Kamuulizia na watoto."

"Wewe amekuita nani?"

Akamtazama mama yake. "Mwanangu," alisema mwishowe. "Ameniita mwanangu tu."

"Kaka Elihaki, imba ule wimbo wa mavuno alioutunga mama. Ukifika mstari wa pili, potosha."

"Nipotoshe?"

"Potosha kabisa."

Ninaomba muelewe nilichomwomba. Mwalimu Namsifu aliongoza kwaya miaka arobaini na miwili. Alikuwa akisikia noti ya uongo kutoka safu ya nyuma, katikati ya watu sitini, huku ameipa kwaya mgongo, na chaki ilikuwa inaruka kabla hujafunga mdomo. "Nani huyo anayelia kama mbuzi?" Hakumwonea huruma mchungaji, hakumwonea huruma mwanawe. Elihaki ana kovu dogo juu ya jicho, la chaki.

Akaimba. Mstari wa kwanza ulikwenda vema. Wa pili aliupotosha vibaya hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Mwalimu alikuwa amekunja mikono juu ya shuka, anatabasamu.

"Vizuri sana, mwanangu," alisema. "Vizuri sana."

Juu yake Msikilizaji akapanda hadi tisini na saba. Elihaki alijifunika uso kwa mikono yake mikubwa yenye udongo kwenye kucha.

"Huyu si mama," alisema. "Dada Nakundwa, huyu si mama yangu."

*

Ilikuwa saa tano na robo. Saa thelathini zingetimia saa nane mchana.

Profesa Senkondo, mkuu wa Kituo, alikuwa anakagua mabango. Ijumaa wizara ilikuwa inakuja kumzindua Msikilizaji kwa hospitali ishirini na mbili za nchi. Bango kubwa lilikuwa limeegemezwa kwenye meza yake: MASHINE YENYE ADABU YETU. Picha iliyokuwa pale ni yangu, nimecheka meno yote nje.

"Profesa, nafungua kabati kwa ajili ya Mwalimu Namsifu. Naomba saini yako."

Alitazama alama kwenye kioo chake cha kazi. "Tisini na saba, Daktari Mgonja. Mimi mwenyewe sidhani kama napata tisini na saba."

"Ameniulizia baba yangu."

"Ni adabu njema."

"Baba yangu ni marehemu."

"Pole. Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema hajambo."

Alicheka hadi akavua miwani. "Basi mna mchochota wote wawili!"

Sikuwahi kutamani kumpiga mtu mwenye umri wa baba yangu. Siku hiyo nilitamani. Nikamweleza yote, taratibu, nikiwa nimeshika ukingo wa meza: salamu ni njia iliyokanyagwa maisha yote, na walinzi wakishatafuna mengine, hiyo hubaki. Mgonjwa wa kwetu anaweza kuwa amepoteza jina la mwanawe, lakini marahaba haimpotei. Mashine inapima adabu, haipimi akili. Aliyeifundisha hivyo ni mimi.

"Unajua unachoniomba?" alisema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Saini yangu inakwenda wizarani pamoja na sababu. Nikiandika sababu hiyo, nimeandika kwamba Msikilizaji hasikii. Amepitisha wagonjwa wangapi mpaka leo?"

"Mia sita na kumi na mmoja."

"Wote wako nyumbani. Familia zao zimepumzika. Unataka niwaamshe niwaambie nini, wakati saa thelathini zao zilipita miaka iliyopita? Ndiyo, dawa ya wazee wenu ilikuwapo, ila sisi tulikuwa tunasalimiana?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Wewe una uchungu wa mwalimu wako. Nakuelewa." Alivaa miwani. "Sasa nikuulize kama daktari. Ukimpa Tuliza, kidonda kikafumuka, akafa. Atakufa na akili zake zote, akijua anakufa. Ukimwacha, ataishi miaka kumi, anakula, anacheka, anasalimia watu. Nani amekuambia kwamba hiyo ya kwanza ni bora? Yeye?"

Kilichoniuma ni kwamba mwoga yule alikuwa ameuliza swali la haki. Mabango yalikuwa upuuzi, wizara ilikuwa upuuzi, lakini swali lile halikuwa upuuzi. Jumatatu, kabla ya upasuaji, nilimsomea Mwalimu fomu. Unakubali? Nakubali, mwanangu. Nikaweka alama. Sikumuuliza kati ya kichwa na kifua angechagua kipi, kwa sababu fomu haikuuliza, na kwa sababu ni vigumu kumuuliza mkubwa wako jambo kama hilo ukimtazama machoni. Nikaita hayo heshima.

"Nitamuuliza sasa," nikasema.

"Muulize," alisema Profesa, akarudi kwenye bango lake.

*

Nilimuuliza mbele ya Elihaki.

"Mwalimu, kuna dawa ya kukulinda kichwa, ila inaweza kuharibu kidonda. Nikupe?"

"Nipe, mwanangu."

"Au nisikupe?"

"Usinipe, mwanangu. Usijisumbue."

Elihaki aliinuka akaenda dirishani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Dada, tumwache. Mmoja kati ya tisa si mchezo. Hata kama atakuwa ananisalimia tu kila asubuhi bila kunijua jina, mama ni mama. Nitamlisha. Nitamwogesha. Mimi sijali."

"Na yeye angejali?"

"Sijui!" alifoka. "Hamkumuuliza alipokuwa anajua!"

Alikuwa sahihi, na sikujitetea. Nilimwambia tu kwamba kwanza ni lazima kabati lifunguke, la sivyo tunabishana juu ya dawa tusiyo nayo, na baada ya saa nane hakutakuwa na la kubishania. Nikamweleza namna ya kulifungua. Msikilizaji hupima nusu saa iliyopita. Kwa hiyo nusu saa nzima hakuna mtu atakayemsalimia Mwalimu Namsifu, hakuna atakayemwitikia, hakuna atakayemwita Mwalimu wala mama. Ataulizwa maswali makavu, kama polisi. Tukimnyima salamu, mashine haitakuwa na cha kukipa alama.

"Utaingia kwa mama bila shikamoo?"

"Ndiyo."

"Mbele yangu?"

"Unaweza kutoka."

Hakutoka. Niliwafungia mlango wauguzi wawili, mmoja akaniambia kwamba mambo kama haya yana laana. Saa saba na dakika tano nilivuta kiti nikaketi mbele ya mwanamke aliyenifundisha kusoma noti, nikamkazia macho.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Karibu, mwanangu. Umeamkaje?"

"Baba yangu yuko wapi?"

"Hawajambo nyumbani?"

Sikuitikia. Alisubiri, uso umeinuka, kama mtu aliyenyoosha mkono na hakuna anayeupokea. Akajaribu tena. "Habari za kazi?" Nikauliza jina la mtu aliyeketi pembeni yangu. "Huyu? Ni mwanangu." Jina lake? "Mwanangu." Ana watoto wangapi? "Hawajambo wote, namshukuru Mungu."

Themanini na tisa.

Nikaendelea. Sauti ya kwanza ya wimbo wako wa mavuno inaanzia wapi? Kijiji chako ni kipi? Jana ulifanyiwa nini? Kila nilipouliza alikimbilia salamu, na kila alipoikimbilia alikuta nimeifunga. Alianza kutafuta kwa macho chumbani. Vidole vyake vikaanza kuchambua shuka. Sabini na nne. Alimgeukia Elihaki akasema, kwa upole wa kutisha, "Baba, habari za safari?" na Elihaki, machozi yanamtiririka, akaziba mdomo wake kwa kiganja ili usiitikie wenyewe.

"Nijibu," nilisema. Sijui nilitoa wapi sauti ile. "Baba yangu yuko wapi? Ulimwimbia. Mvua ilikuwa inanyesha. Yuko wapi?"

"Mimi sijui," alisema Mwalimu Namsifu. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Chini yake palikuwa na hofu, hofu tupu ya mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua, na ilikuwa pale wakati wote tulipokuwa tunamsifu kwa adabu. "Mimi sijui. Ninyi ni nani? Mnataka nini kwangu?"

Sitini na moja. Hamsini na nane. Msikilizaji akageuka mwekundu, na ukutani kabati likatoa mlio mdogo na kufunguka.

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na nane. Nilishika bomba la sindano, nikamtazama Elihaki. Sasa hapakuwa na mashine wala Profesa wa kumlaumu. Kulikuwa na sisi wawili na mama mzee anayelia kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anaogopa hivi tangu asubuhi?" Elihaki aliuliza.

"Tangu alipoamka."

"Na sisi tunamwambia vizuri sana."

"Ndiyo."

Akamshika mama yake mkono. "Mpe," alisema. "Kama ni kuzika, mimi ndiye nitakayezika. Mpe."

*

Ijumaa sikupanda jukwaani. Alhamisi niliituma wizarani nusu saa ile yote, sauti na alama zikishuka, na chini yake nikaandika jina langu na kosa langu. Uzinduzi uliahirishwa kwa sababu zisizozuilika. Profesa Senkondo alinisimamisha kazi kwa kumtesa mgonjwa, na sitasema alidanganya.

Kidonda kilifumuka siku ya tano.

Jumatatu iliyofuata niliruhusiwa kuingia kama mtu wa kutazama wagonjwa, saa za kutazama wagonjwa. Kifua chake kilikuwa na mpira wa kufyonza usaha na homa ilikuwa juu. Walikuwa wakimsafisha kila baada ya saa sita, na kila mara alilia kwa maumivu. Mtaalamu wa vidonda alikuwa amemwambia Elihaki kwamba ni nusu kwa nusu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia.

Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa mazoezi. Alikuwa ananitazama, macho makali, mekundu, na yalikuwa macho yake.

"Shikamoo, Mwalimu," nikarudia.

"Nakundwa binti Mgonja," alisema. "Wewe ndiye uliyeingia kwangu bila salamu, ukaniketia mbele kama karani wa mahakama."

Nililia, nakiri, na furaha ile ilikuwa mbaya kwa sababu nilikuwa nanusa usaha wake. Hakuniambia nisilie.

"Baba yako alizikwa kwenye mvua," alisema. "Na yule wa sauti ya tatu hajawahi kujifunza. Elihaki amenieleza mlichofanya. Nani alikuambia kwamba naitaka hiyo dawa?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilikuuliza, ukasema ndiyo, ukasema na hapana."

"Jumatatu ile, kabla, uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ungeniuliza ningekujibu. Nilikuwa na jibu." Alifumba macho, maumivu yakapita usoni, akayafumbua. "Sasa sikuambii. Kaa bila kulijua."

Elihaki aliinamisha kichwa. Kila siku nalitafuta jibu hilo, na kila siku nalikuta kwa namna tofauti. Ndivyo alivyotaka.

"Wako wangapi wengine?" aliuliza.

"Mia sita na kumi na mmoja. Mwalimu, muda wao umepita. Dawa haiwezi tena..."

"Sikuulizia dawa." Alijaribu kujiinua, akashindwa, akaniwakia akiwa amelala. "Mimi nilikuwa mle ndani, Nakundwa. Siku moja tu. Nilikuwa nasikia watu wanasema mama yuko salama, mama amefurahi, na mimi napiga kelele na kinachotoka ni marahaba. Siku moja! Hao wengine wako mle miaka mingapi? Watu wao wanasema ni uzee. Wengine wanasema wamerogwa, wanamtafuta jirani wa kumchomea nyumba. Nenda ukawaambie hawakuzeeka. Waambie walitafunwa, na nani alikuwa analinda. Na ukifika usimsalimie mtu akakujibu ukatosheka. Kaa naye mpaka aogope mbele yako, ili angalau asiogope peke yake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Toka. Na hiyo shikamoo yako nitaiitikia utakapomaliza."

"Mwalimu, mia sita na kumi na mmoja... na kifua chako..."

"Basi tembea haraka."

*

Orodha niliichapa kwenye karatasi, kwa sababu kioo changu cha kazi walikichukua. Wa kwanza ni Mzee Mbonea, fundi cherehani, aliyepasuliwa utumbo mwaka wa kwanza wa Msikilizaji. Alipata alama tisini na nane. Picha yake akinishika mkono ilitundikwa koridoni kwa miaka mitatu, na kila nilipoipita nilijisikia vizuri.

Nyumba yao iko nyuma ya soko. Binti yake alinifungulia, akanitambua, akafurahi. "Daktari! Baba hajambo kabisa. Kazeeka tu kidogo, cherehani kaiacha. Lakini adabu yake ile ile, utaona mwenyewe."

Alikuwa uani kwenye kiti, kanzu imepigwa pasi, kitambaa cha shati kisichoshonwa kimelazwa mapajani. Alipotuona uso ulimng'aa.

"Karibu, mwanangu, karibu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Binti yake alinitazama, anatabasamu, anasubiri.

Nikavuta kigoda, nikaketi mbele ya Mzee Mbonea, nikamshika mikono yote miwili. Sikuitikia.